Watoto wamerudi kutoka ughaibuni: shule ya serikali au ya Kiingereza hapa Dodoma?

Mume wangu alipomaliza shahada ya uzamivu Göttingen, Ujerumani, tulirudi Dodoma mwishoni mwa 2024 na masanduku manane, baiskeli moja ambayo mchanga wa Iyumbu uliikataa siku ya kwanza, na watoto wawili wanaogombana kwa Kijerumani. Sisi tulikuwa tunarudi nyumbani. Wao walikuwa wanahamia nchi ya nje. Binti alikuwa anakaribia miaka kumi, yuko darasa la nne kule. Mdogo wake alikuwa na sita, ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Kiswahili chao kilikuwa cha mezani: leta chumvi, nenda kaoge, bibi yuko kwenye simu njoo umsalimie. Kiingereza hawakuwa nacho kabisa, na hilo ndugu zetu hawakulielewa. Wifi yangu aliniuliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa huko Ulaya walikuwa wanaongea nini?"

Mwisho wa siku mmoja aliingia shule ya serikali ya Kiswahili, mwingine shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Nisijidai kwamba tulipanga. Nafasi na pesa ziliamua nusu ya jambo. Lakini sasa mwaka na nusu umepita, na wenzetu wanaorudi (wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, waliokuwa masomoni, wa wizarani waliokuwa balozini, wa Muscat waliokuwa kazini) wananipigia simu kuuliza tumpeleke wapi. Nimechoka kulijibu kwa vipande vya sauti, kwa hiyo nimeliandika.

Swali langu la kwanza kwa kila anayepiga simu ni hili: mtoto wako anacheza kwa lugha gani? Siulizi anaelewa lugha gani, wala cheti kimeandikwa kwa lugha gani. Akiumia goti, analia kwa lugha gani? Swali la pili: imebaki miaka mingapi kabla hajamaliza msingi? Ada, sare na basi vinakuja baada ya hapo.

Zilizopo mezani

Kwa mji wetu mzazi anachagua hasa kati ya mbili hizo nilizozitaja. Za tatu ni zile zinazofuata mitaala ya kimataifa. Canon Andrea Mwaka, ya Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika, ni ya siku nyingi hapa Dodoma. Hizi zinamfaa zaidi mtoto ambaye familia yake itahama tena baada ya miaka miwili. Kama mmerudi kuzika mizizi, fikiria mara mbili, maana kuvuka baadaye kuja mtaala wa taifa, unaopimwa na NECTA (Baraza la Mitihani), ni uhamisho mwingine juu ya uhamisho. Zipo pia shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza. Olympio ya Dar es Salaam ndiyo watu wanaijua, na halmashauri kadhaa zimeanzisha za kwao. Ukipata nafasi huko una bahati, kwa kuwa gharama ni ndogo kuliko za binafsi na foleni ni ndefu.

Bweni nalipita haraka. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na hata kwa aliyezidi hapo, mtoto asiyejua kuomba maji kwa lugha ya wenzake si wa kulala mbali na mama yake.

Lugha, ambako ndiko kilio kiliko

Kijana wangu aliingia darasa la kwanza la shule ya serikali Januari 2025 akiwa tayari anajua herufi, lakini herufi za Kijerumani. Huko w inasomwa v, j inasomwa y, z inasomwa ts. Jioni ya kwanza alinisomea kitabu chake kwa kujiamini kabisa: "vatsatsi" ndio wazazi, "yana" ndiyo jana, "yicho" ndilo jicho. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Baada ya wiki tatu hivi lilikuwa limekwisha, kwa sababu Kiswahili hakina hila: herufi ikisema a leo, kesho itasema a. Darasa la kwanza ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto mwenye Kiswahili cha mezani anakuta nusu ya maneno anayajua kwa masikio. Kubwa zaidi, lugha ya darasani ndiyo lugha ya uwanjani na ndiyo lugha ya mtaani kwetu. Kila alipogeuka alikuwa anafundishwa. Ilipofika Pasaka alikuwa ananisahihisha mimi, na alikuwa anawasalimu wazee wa jirani "mbukwenyi" kama aliyezaliwa Chamwino.

Binti hali ilikuwa nyingine. Shule ya mchepuo wa Kiingereza ilimpa lugha ambayo hakuwa nayo, afundishwe kwayo hesabu na sayansi, huku watoto wenzake mapumzikoni wakiongea Kiswahili cha haraka cha utani ambacho nacho hakuwa nacho. Lugha mbili kwa mpigo, na ile aliyoijua haina mtu wa kuongea naye isipokuwa mdogo wake. Kuna usiku alinikalisha kitandani kwake akaniuliza kwa nini neno knife linaanza na k kama hakuna anayeisoma. Sikuwa na jibu. Nilimwambia Waingereza wenyewe hawajui.

Halafu likaja la kibao. Shule nyingi za namna hii zina kanuni ya kutoongea Kiswahili, na ile yetu ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba: anayekamatwa anakivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Binti alikivaa wiki ya pili, kwa kosa la kuuliza choo kiko wapi. Kuanzia hapo alinyamaza. Hakuongea Kiswahili, hakuongea Kiingereza, na mwalimu akaniandikia kwenye daftari la mawasiliano kwamba mtoto ni mpole sana na ana nidhamu. Nilikaa na daftari lile mkononi muda mrefu. Nilimzaa mimi yule, si mpole hata kidogo.

Nilikwenda nikaomba jambo moja tu: kwa muhula mmoja aruhusiwe kuuliza maswali kwa Kiswahili bila kuvaa kitu chochote. Mwalimu wa darasa, dada mmoja kijana, alikubali pale pale, akaongeza la kwake: akamketisha na msichana mwongeaji kupita kiasi. Huyo msichana ndiye aliyemfundisha binti Kiingereza, na Kiswahili, na namna ya kuficha ubuyu kwenye soksi.

Kwa hiyo, mtoto akitoka Uingereza au Marekani, au Muscat alikosoma shule ya Kiingereza, shule ya mchepuo wa Kiingereza inampa pa kukanyaga tangu siku ya kwanza: anaelewa hesabu, anajibu maswali, anapata alama, na heshima ya darasani inamsaidia kupata marafiki. Kinachomsumbua ni somo la Kiswahili, ambalo lipo, lina ngeli na methali, na linapimwa kitaifa darasa la nne. Huyo mtafutie mwalimu wa Kiswahili mapema na mwachie mtaa ufanye lililobaki. Lakini akitoka Ujerumani, Uchina, Norway, Uturuki, kokote ambako Kiingereza si lugha ya shule, usimpeleke mchepuo wa Kiingereza kwa sababu tu "ametoka nje". Kiswahili cha mezani ni mtaji. Kitumie.

Najua pingamizi, mume wangu alilitoa kabla yenu: kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza, na watoto waliosoma msingi kwa Kiswahili wanagonga ukuta. Ni kweli, wanagonga, nimewafundisha twisheni nikawaona. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza, na hilo ni afadhali, ila somo la vipindi vichache si sawa na kusomea masomo yote. Kwa kijana tumejiwekea nusu saa ya kusoma Kiingereza nyumbani kila jioni, na huko mbele tutaangalia. Mtoto wa miaka saba ana muda. Wa miaka kumi na mbili hana, na kwake hesabu inaweza kugeuka kabisa.

Darasa gani? Hapa hesabu miaka kwa vidole

Shule hupenda kumweka mtoto kwa umri. Wazazi wanapenda zaidi ya hapo, maana kumrudisha mtoto darasa kunaonekana aibu. Binti kwa umri alikuwa wa darasa la nne Januari 2025. Tulimweka la tatu, na alilia, na bibi yake alinipigia simu kunisema.

Sababu ilikuwa hii. La nne lina upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Angekuwa na miezi kama kumi ya kujifunza Kiingereza na Kiswahili cha kuandika, kisha akae chini ya karatasi ya NECTA. Na kuna jambo ambalo wengi waliokuwa nje hawajalisikia: sera mpya imefanya msingi kuwa miaka sita. Walioanza la tatu mwaka 2024 wanamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia kwa mtaala wa zamani wanamaliza la saba. Mikupuo miwili itaingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Kwa la nne binti angekuwa katikati ya msongamano huo akiwa na miaka mitatu tu ya maandalizi. Kwa la tatu anamaliza 2028, peke yao.

Leo hii ukimwingiza mtoto la tano mwaka 2026, anamaliza 2027. Miaka miwili. Kama analijua Kiingereza na unampeleka mchepuo wa Kiingereza, inawezekana. Kama hajui, mshushe. Darasa moja nyuma halionekani baada ya muhula mmoja. Watoto wa hapa wenyewe umri wao darasani umechanganyika.

Katika hili shule ya serikali na ya binafsi zinatofautiana kwa namna nisiyoitarajia. Ya serikali walinisikiliza tu: "Mama, wewe ndiye unamjua mtoto." Ya binafsi walimpa mtihani wa kuingia, kwa Kiingereza, akapata alama ambazo sitaziandika, kisha wakapendekeza la nne kwa sababu la tatu lilikuwa limejaa. Nilisubiri kwenye benchi mpaka nafasi ikapatikana.

Na ripoti zake! Mwalimu mkuu aliichukua ile ya Ujerumani, akaipitia, uso ukamlegea kwa huruma. "Mama, alikuwa anapata moja moja tu?" Nikamweleza kwamba kule 1 ndiyo ya juu kabisa na 6 ndiyo ya mwisho. "Kwa hiyo sita ndiyo ziro?" Ndiyo. Tulicheka, lakini fikiria kama nisingekuwepo mimi na ingekuwa karatasi peke yake kwenye faili. Kabla hujaondoka huko uliko, omba shule ikupe ripoti kwa Kiingereza pamoja na maelezo ya alama zao. Kama umeshaondoka, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanatafsiri nyaraka.

Hesabu nazo zina mtego mdogo. Ujerumani nukta hutenganisha maelfu na mkato ndiyo desimali, kinyume na sisi. Binti aliandika bei ya daftari shilingi 1.500 akawekewa mkasi, kwa sababu hapa hiyo ni moja na nusu. Alikasirika siku nzima, na ki ukweli alikuwa na haki. Saa ndiyo usiseme. Wajerumani saa moja na nusu asubuhi wanaiita "nusu ya nane", saa ya ukutani inaonyesha saba na nusu, nasi tunasema moja na nusu. Mwalimu akisema tukutane saa tatu, mtoto anasubiri mchana wa saa tisa. Fundisheni saa ya Kiswahili kwenye ndege.

Asubuhi mbili katika nyumba moja

Binti anaamka saa kumi na moja. Basi la njano linampitia saa kumi na moja na nusu kasoro, giza bado, kwa sababu sisi wa Iyumbu ndio wa mwanzo kwenye mzunguko; baada yetu linazunguka Kisasa na Ilazo likiokota wengine. Julai, upepo wa Dodoma ukiwa unakata, anasimama getini na sweta mbili. Analala kwenye kiti njia nzima. Akirudi ni karibu saa kumi na moja jioni, vumbi kwenye soksi, na bado ana kazi za nyumbani za masomo manne.

Mdogo wake anaamka saa kumi na mbili kasorobo na anaondoka kwa miguu na watoto wa jirani watano, wakubwa wawili mbele. Wanawahi namba, wanafagia eneo lao, wanakimbia mchakamchaka wakiimba, kisha mstarini. Hili la kutembea halikumtisha, Göttingen watoto wa umri wake wanakwenda shule wenyewe. La fagio lilimfurahisha kupita maelezo. Ila siku ya kwanza begi lake lilikuwa balaa. Mabegi ya shule ya Kijerumani ni magumu kama sanduku na yana vipande vinavyong'aa kila upande, watoto wakamzunguka wakaliita begi la trafiki. Kesho yake alilikataa. Tulinunua la elfu nane Majengo, na lile la trafiki sasa linahifadhi gololi.

Ukichagua ya miguu, ipite njia mwenyewe, tena uipite ukifikiria Februari. Makorongo ya mji huu kiangazi ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha huko juu yanashuka na maji bila kukuuliza. Kati yetu na shule lipo moja. Siku za mvua kubwa tunampeleka kwa bodaboda kwa kuzunguka barabarani, au anabaki nyumbani.

Msongamano: darasa la kijana nilihesabu watoto themanini na sita, dawati moja watatu. La binti walikuwa arobaini na mmoja. Kwa mtoto mgeni namba hii ina pande mbili ambazo sikuziona mwanzoni. Kwenye arobaini na mmoja mwalimu anamwona, na anaona pia kila kosa. Kwenye themanini na sita mwalimu hamwoni vya kutosha, lakini hakuna anayekutazama wewe unapokosea, na marafiki wa kuchagua ni wengi. Kijana wangu ni wa kujichanganya, akazama humo kama samaki. Mtoto mwenye aibu, au mwenye shida ya kusoma, au ya kusikia, angepotea. Huyo ni wa darasa dogo, hata kama itabidi uuze baiskeli ya mchangani.

Nywele zilitupa mtihani wetu wenyewe. Shule za serikali wasichana na wavulana wananyoa. Binti alikuja na nywele zilizomfika mabegani, ndizo alizokuwa anajivunia kule ambako hakuna aliyekuwa nazo kama zake. Nakiri hili lilikuwa na uzito katika kumpeleka ya binafsi, ambako wanaruhusu kusuka za mistari, twende kilioni bila rasta. Mtoto aliyepoteza nchi, marafiki na lugha ndani ya wiki mbili, sikutaka apoteze na nywele. Mwenzangu mmoja alimnyoa wa kwake usiku wa kuamkia shule. Usifanye hivyo. Kama ni lazima, mnyoe wiki tatu kabla, saluni, mkiwa wote wawili, na wewe upunguze.

Fimbo

Wanaotoka nje huuliza hili kwa sauti ya chini. Kanuni zetu bado zinaruhusu viboko: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemkabidhi kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Yanayotokea darasani na yaliyoandikwa huwa hayafanani. Wazazi wengi wanadhani ukilipa ada umenunua na kinga. Kwetu aliyechapwa kwanza ni wa shule ya kulipia, kiganjani, kwa kusahau daftari. Alirudi nyumbani akiuliza kama tumpigie polisi.

Uliza kabla ya kulipa, ana kwa ana, kwa upole: mtoto wangu ametoka mahali ambapo hakuna fimbo shuleni, akikosea mnafanyaje? Sikiliza jibu, na zaidi tazama kama mwalimu mkuu anaona swali ni halali. Wa shule ya kijana alisema, "Akikosea nitakupigia wewe kwanza." Ameshanipigia mara mbili. Mtoto naye mwandae: mwambie ukweli kwamba hapa lipo, kwamba hutalifurahia, na kwamba akipigwa akuambie siku hiyo hiyo. Mfundishe pia kusimama mwalimu akiingia, shikamoo, na kupokea kitu kwa mikono miwili. Hivi ni vidogo, lakini mtoto anayeuliza "kwa nini" akiwa amekaa anahesabiwa jeuri, na yule yule akisimama na kuanza na "samahani mwalimu" anaitwa mdadisi.

Pesa na makaratasi

Ya serikali haina ada. Utanunua sare, sweta, madaftari, na utachangia yanayopitishwa kwenye kikao cha wazazi: uji, chakula cha mchana, wakati mwingine mlinzi. Hudhuria kile kikao. Anayetoka nje akikosa kikao anasemwa kwamba anajiona.

Ya binafsi, omba karatasi ya ada nzima, isiyo na la ziada litakalofuata. Kwenye yetu ada yenyewe ilikuwa zaidi kidogo ya nusu. Chini yake kulikuwa na basi, chakula, sare za aina tatu, vitabu, mitihani, fomu, na "tahadhari" ambayo hadi leo sijajua ni tahadhari ya nini. Uliza pia kama inalipwa kwa awamu ngapi.

Nyaraka ni chache: cheti cha kuzaliwa, ripoti, kadi ya chanjo. Mtoto mwenye pasipoti ya kigeni anza na Uhamiaji, usingoje shule ikutume. Kwa shule ya serikali pita kwanza ofisi ya elimu ya Jiji, halafu nenda shuleni ukiwa na jibu lao. Na kote kote hakikisha mtoto ameandikishwa kwenye PReM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, mapema katika mwaka. Likiachwa hadi la nne linageuka mbio za dakika za mwisho.

Kuingia Januari au katikati

Januari, kama una uwezo wa kuchagua. Mwaka wetu ni Januari hadi Desemba, na watoto wote siku ile ni wageni kidogo. Wa Ulaya wanafunga shule Juni au Julai, kwa hiyo kishawishi ni kurudi Julai na kumtupia muhula wa pili. Mimi ningerudi mapema na kumwacha mtoto acheze mtaani miezi mitatu minne bila shule. Majirani watasema. Waache waseme. Mchezo wa rede na kombolela ni masomo ya Kiswahili ambayo huwezi kuyalipia. Kwa darasa la awali na la kwanza serikalini, uandikishaji huanza Oktoba, hivyo unaweza kuandikisha mapema ukakaa kimya.

Kama ningerudia

Kijana ningemrudisha pale pale. Binti ningempeleka ya serikali kwa mwaka mmoja, nywele au bila nywele, ajaze Kiswahili, kisha mchepuo wa Kiingereza akiwa na lugha moja ya kujitetea. Muhula wa kwanza alikuwa wa 38 kati ya 41, na kule alikotoka hakuna aliyewahi kumwambia ni wa ngapi. Aliikunja ripoti ikawa ndogo kama stempu. Sasa yuko la nne, anajiandaa na upimaji, amefika wa 17. Anaongea Kiingereza na Kiswahili bila breki, na Kijerumani kinaanza kumtoroka. Jumamosi wanakiongea wenyewe kwa wenyewe, hasa wakitaka kuniteta.

Mume wangu hakubaliani nami juu ya binti. Anasema ule ukimya ungekuwepo popote. Labda.

Ukienda kuangalia shule, ya bure au ya mamilioni, usiende saa mbili wanapokutembeza maabara ya kompyuta. Nenda saa nne, uji ukigawiwa. Simama karibu na ukuta na umtafute mtoto aliyekaa peke yake, maana kila shule anaye. Kaa dakika kumi uone kama kuna mtu anamfuata, mwalimu au mtoto mwenzake.